Maji Kabla ya Mafuta

Bunduki ile ililia mara tatu au nne tu kwa mwaka, lakini kila ilipolia, shamba zima lilijua kwamba babu yangu hatatia chakula kinywani mpaka aioshe. Bibi alikuwa ameshazoea. Akiusikia mshindo kutoka upande wa mahindi, mshindo mzito wenye mwangwi mrefu, usiofanana na mlio mkali wa bunduki za kisasa, aliteka maji ya tangi na kuinjika sufuria kubwa bila kuambiwa.

Nazungumzia mwisho wa miaka ya sitini na mwanzo wa sabini, katika shamba la ngano kati ya Njoro na msitu wa Mau. Babu alikuwa mtunza ghala. Mwenye shamba, Mzungu aliyezaliwa hapo hapo, alikuwa amerithi kwa baba yake Martini-Henry ya zamani, na kibali chake alikuwa nacho. Nguruwe mwitu walipotoka msituni jioni na kuingia kwenye mahindi na viazi, aliitoa. Bunduki mpya alikuwa nazo, ila hii ndiyo aliyoipenda. Risasi zake alizijaza mwenyewe kwa baruti nyeusi, akiipima kwa kikombe kidogo cha shaba juu ya meza ya ofisi. Wakati huo uwindaji ulikuwa bado haujapigwa marufuku nchini. Marufuku ilikuja 1977.

Ubavuni mwa bunduki ile palikuwa na alama ya taji, herufi V.R., neno Enfield na mwaka 1878. Mimi nilikuwa na miaka 12 nilipoyasoma maandishi yale kwa kidole mara ya kwanza. Chini, nyuma ya kifyatulio, kulikuwa na mkono wa chuma. Ukiushusha, pande la chuma lililoziba nyuma ya mtutu linazama, na ganda tupu linachomoka. Unatia risasi nyingine, unaurudisha mkono, na bunduki iko tayari. Hapakuwa na kushindilia baruti kwa mdeki kupitia mdomoni kama magobori waliyoyajua wazee wa zamani. Jeshi la Uingereza liliipokea 1871, na jina lake limetokana na watu wawili: Friedrich von Martini, mhandisi aliyefanya kazi Uswisi, ambaye pande lile ni kazi yake, na Alexander Henry, fundi wa Edinburgh aliyebuni mifereji saba inayojipinda ndani ya mtutu. Kila risasi ilibeba gramu tano na nusu za baruti, na mbele yake donge la risasi lenye uzito wa gramu 31. Nilipokuwa mdogo niliwahi kulishika donge hilo kiganjani nikashangaa kwamba kitu kidogo kiasi hicho kinaweza kuwa kizito vile.

Babu hakuifyatua bunduki ile hata siku moja. Kazi yake ilianza pale kazi ya mwenye shamba ilipoishia.

Kwanza alihakikisha haina kitu. Aliushusha mkono, akachungulia, akapapasa kwa kidole mahali risasi inapokaa, kisha akanipa na mimi nichungulie. Alitaka macho ya watu wawili kwa sababu, alisema, mtu mmoja huona anachotarajia kukiona. Ndipo alipoitoa nje ya kibanda cha ghala, akaweka debe chini, akauelekeza mdomo wa mtutu ndani ya debe.

Martini inamsumbua msafishaji kwa jambo moja. Nyuma ya chemba imezibwa na mwili wa chuma, kwa hiyo huwezi kupitisha mdeki moja kwa moja kutoka nyuma. Wengi husafisha kupitia mdomoni. Babu hakupenda njia hiyo. Mdeki ukiusugua mdomo wa mtutu mwaka nenda mwaka rudi, mdomo hulika na bunduki hupoteza shabaha. Alikuwa na faneli ya bati aliyoifunga kwenye kipande cha mpira wa kunyonyea petroli. Ncha ya mpira aliiingiza kwenye chemba, akazungushia tambara ili maji yasimwagikie mitambo iliyo chini, halafu akaniashiria nimimine.

Maji ya kwanza yalitoka meusi tii, yakinuka yai viza. Watu waliowahi kusimama karibu na mvuke wa Olkaria wanaijua harufu hiyo. Ya pili yalitoka ya kijivu. Ya tatu yalikuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Babu hakuacha mpaka yatoke kama yalivyoingia, na sikumbuki jioni ambayo yalihitaji chini ya sufuria mbili.

Miaka mingi baadaye nilisomea kemia, na nikaifundisha katika shule za sekondari mpaka nikastaafu, na nilipokuwa nikieleza ubaoni habari za baruti nilikuwa naona debe lile. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za kiberiti cha unga. Mtu hudhani kwamba ikiungua huisha yote kwa moshi. Sivyo. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama kitu kigumu: sehemu huruka katika ule moshi mweupe mzito, na sehemu huganda kwenye kuta za mtutu. Mabaki hayo kwa kiasi kikubwa ni chumvi za potasiamu, yaani kaboneti, salfeti na salfaidi, na hiyo salfaidi ndiyo iliyokuwa ikinuka debeni. Chumvi hizo huvuta unyevu wa hewa. Fataki za zamani nazo ziliongeza kloridi, ambayo kwa chuma ni adui kama chumvi ya mezani. Katika ukungu wa Njoro, usiku mmoja unatosha. Nao unyevu ukishaingia, kutu huanza mahali usipopaona, chini ya masizi.

Mafuta hayayeyushi chumvi. Hilo ndilo jambo zima, na ndilo watu wengi hawalikubali kwa urahisi, kwa sababu tumelelewa kuamini kwamba maji ni adui wa chuma na mafuta ni rafiki yake. Kwa bunduki ya baruti nyeusi lazima uanze na kile unachokiogopa.

Hata hayo maji babu aliyachagua. Maji ya kisima cha shamba aliyakataa kabisa. Wenyeji wa Nakuru tunajua kwa nini: visima vingi vya huku vina floridi nyingi, ndiyo maana watu wengi tuliokulia hapa meno yetu yana rangi ya kahawia, na baadhi ya visima vina chumvi ya kuonja kwa ulimi. Kuosha chumvi kwa maji ya chumvi, alisema, ni kufukuza mwizi kwa kumfungulia mwenzake. Alitumia maji ya mvua kutoka tangi la paa. Tena yawe ya moto kabisa, si ya vuguvugu. Sisi tulio juu, mita zaidi ya elfu mbili kutoka usawa wa bahari, maji yetu huchemka yakiwa hayajafika digrii 100. Huchemka kwenye 93 hivi. Yanatosha. Moto wake huingia kwenye chuma mpaka mtutu haushikiki bila tambara, na chuma kilichopata moto hujikausha chenyewe.

Baada ya maji ilifuata kamba yenye kipande cha shaba kichwani. Unaidondosha kutoka nyuma, inatokea mdomoni, unaivuta na kipande cha flana kinaburutwa ndani. Flana ya kwanza, ya pili, ya tano. Kisha mafuta, ambayo babu aliyapika mwenyewe: mafuta ya mkia wa kondoo yaliyochujwa, pamoja na nta ya nyuki aliyoinunua kwa Waogiek walioshuka kutoka Mau na asali. Siagi aliikataa kwa sababu ya chumvi yake. Mafuta ya mashine aliyakataa pia kwa bunduki hii, kwani yakikutana na masizi ya baruti hugeuka kitu kama lami.

Maganda ya shaba yalikuwa kazi yangu. Niliyaloweka katika maji ya sabuni yenye limau, nikayatikisa ndani ya kopo, nikayaanika juu ya bati. Nilipenda sauti yake.

Wengine wangesema kazi imekwisha. Babu alirudi kesho yake asubuhi, akapitisha flana nyeupe, akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Ikiwa na rangi ya chai, aliinjika sufuria tena. Siku ya tatu alirudia. Kwake, bunduki ilikuwa haijaoshwa mpaka flana ya siku ya tatu itoke nyeupe.

Wakati maji yakichemka alinisimulia. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kijana wa miaka 18 hivi, akatembea kwa miguu mpaka nchi ambazo majina yake aliyatamka kwa shida. Alisema baadhi ya kampuni za askari wa Wajerumani zilikuwa bado na bunduki za baruti nyeusi, na ukisikia mlio ulitazama juu ya vichaka: wingu jeupe lilikuonyesha mtu alipolala. Baadaye niliyakuta maneno yake vitabuni. Vita vilipoanza 1914, sehemu kubwa ya jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck ilishika Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, yenye kutoa moshi mwingi, na ndiyo maana ushindi wao pale Tanga Novemba mwaka ule, uliowapa mamia ya bunduki mpya za Waingereza, ulikuwa na thamani kubwa kwao.

Lakini babu hakuzungumzia mapigano sana. Alizungumzia mvua. Alisimulia watu waliokuwa wamechoka hata kusema hawawezi, na bado jioni wakatafuta kuni kavu wachemshe maji ya bunduki kabla ya maji ya chai.

Nafikiri sana kuhusu hao, na kuhusu waliowatangulia. Bonde letu la Ufa lilikuwa njia ya misafara kabla ya reli kufika Nakuru mwaka 1900. Kutoka pwani na Ukikuyu watu walipita Naivasha na Nakuru wakaelekea Eldama Ravine na Uganda, na bunduki za misafara zilikuwa Snider na Martini, zote za baruti nyeusi. Lugard, ofisa Mwingereza, aligawa Snider pale Mengo, Uganda, mapema 1892. Novemba 1895, bondeni Kedong, msafara uliokuwa ukirudi kutoka Ravine uligombana na Wamasai, na mamia ya wapagazi, Waswahili na Wakikuyu, wakauawa. Mfanyabiashara Mskoti, Andrew Dick, aliyewafuata Wamasai na kuwapiga risasi, naye aliuawa. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliowatumikia Waingereza waliasi pale pale Ravine, wamechoka na safari zisizo na mwisho. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umeweka vikwazo vya kuingiza bunduki za namna hii sehemu hii yote ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mpaka 22 kusini, ili Waafrika wabaki na magobori. Haya yote yameandikwa. Vitabu vinahesabu bunduki, vinahesabu waliokufa, na majina ya maofisa yapo. Aliyeamka usiku kwenye manyunyu ya Mau kuwasha moto ili chuma cha mwenzake kisioze, huyo hayumo. Lakini bila yeye bunduki zile zisingemaliza msimu mmoja wa masika.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Ilikuwa Aprili 1971. Mwenye shamba alipiga risasi tano jioni moja, na babu alikuwa amekwenda mazishini Subukia. Kazi aliniachia mimi, kwa sababu nilikuwa nimesaidia kwa miaka mitatu na sikuwa mtoto tena. Mvua ilikuwa inanyesha, kuni zimelowa, na vijana wenzangu walikuwa wamekusanyika kwenye kambi ya wafanyakazi kusikiliza mpira kwenye redio. Nilichukua kopo la mafuta ya cherehani. Nilipitisha flana mara mbili, ikatoka nyeusi, nikamimina mafuta mengi ndani ya mtutu na kuisugua bunduki kwa nje mpaka ikang'aa kuliko nilivyowahi kumwona babu akiing'arisha. Nikaifungia ndani. Nilikuwa nimefika kwenye redio kabla ya mapumziko.

Babu alirudi baada ya siku tisa. Aliitazama kwa nje, akanisifu. Sifa ile imenikaa moyoni kuliko kipigo chochote nilichopata utotoni. Kisha akaushusha mkono na kutazama ndani ya mtutu kuelekea mawinguni, akatazama muda mrefu, akanipa nitazame. Karibu na chemba mifereji ilikuwa imefunikwa na kutu nyekundu, na alipoiosha na kuisugua kwa siku mbili, chini yake palibaki vishimo, kama uso wa mtu aliyeponea ndui. Vishimo havisafishiki. Chuma kilichokwisha kuliwa hakirudi.

Hakunipiga. Alinipeleka mpaka veranda ya nyumba kubwa, akagonga, na mwenye shamba alipotoka, babu akasema tu, "Mjukuu wangu ana neno." Akasogea pembeni. Nilisema niliyoyatenda, kwa Kiswahili, nikitazama viatu vyake. Yule mzee aliichukua bunduki, akauelekeza mtutu kwenye mwanga, akaushusha. Alisema baba yake aliitunza miaka arobaini. Hakuongeza neno. Tulirudi na babu bila kuzungumza, na jioni hiyo, ingawa bunduki haikuwa imelia, aliniamuru niinjike sufuria na tukaiosha yote upya, pamoja na kuchomoa pini na kulitoa lile pande la ndani, ili nijue kila mahali maji yanapopaswa kufika.

Miaka mitatu baadaye mwenye shamba aliondoka. Bunduki zote zilikabidhiwa polisi, na shamba likanunuliwa na kampuni ya wananchi, likagawanywa. Babu alipata ekari mbili na nusu. Ndipo ninapoishi mimi leo.

Mwanzoni mwa 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, tulizikimbia ekari hizo. Mimi na mke wangu na watoto tulikaa miezi kadhaa kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho wa Nakuru, pamoja na maelfu ya wengine. Tuliporudi, nyumba ilikuwa imesimama bila paa na bila milango. Mlango wa mbele, wa mninga, alioutengeneza babu kwa mikono yake, niliuona wiki hiyo hiyo: ulikuwa umefungwa kwenye zizi la jirani yangu wa mpakani.

Kulifanyika baraza la upatanisho. Wazee walisema vizuri, maombi yakafanywa kwa lugha tatu, tukala mbuzi, tukashikana mikono. Jirani yangu alinishika mkono kwa mikono miwili. Nami nikatabasamu, nikamwuliza habari za watoto. Nilikuwa nikitembea kuelekea nyumbani nilipokumbuka ile sifa aliyonipa babu kabla hajaushusha mkono wa bunduki, na moyo ukanienda mbio kana kwamba nina miaka 15.

Simaanishi kwamba mbuzi yule hakuwa na maana. Mafuta yana kazi yake. Lakini nilijua kilichobaki ndani yangu, na nilishawahi kuona kinavyofanya kazi kimyakimya kwa siku tisa.

Nilikwenda kwake kesho yake jioni, peke yangu. Nilimwambia, "Mzee mwenzangu, mlango wangu uko zizini kwako." Alikaa kimya. Halafu alisema aliuchukua wakati wengine walipokuwa wakichoma, maana mbao kama ile ingeungua. Nilimwuliza kwa nini basi hakuniambia. Ndipo yakatoka ambayo sikuyatarajia. Aliniuliza mwaka 1992, ghasia zilipokuwa Molo na nduguye akauawa huko, mimi mwalimu niliyekuwa nikiwafundisha watoto wake nilipita mbele ya matanga yao mara ngapi bila kuingia. Nilipita. Niliogopa wenzangu wangesemaje. Nilimwambia hivyo. Usiku ule tulisema maneno meusi, na niliondoka bila chai na bila kuagana vizuri.

Nilirudi baada ya siku mbili. Tukasema tena, kidogo. Mara ya tatu yeye ndiye aliyekuja, asubuhi, na mwanawe nyuma yake, wamebeba mlango wa babu begani, mmoja mbele mmoja nyuma. Waliuegemeza ukutani. Mbao ilikuwa nzima, imechafuka kwa samadi tu, lakini bawaba zilikuwa zimeshika kutu zote tatu na hazikugeuka. Mwanawe alisema ana mafuta ya pikipiki, akachukue. Nikamwambia angoje kwanza, nikamwita mke wangu, nikamwomba ainjike maji.